Leseni za kazi Marekani: aliyelegezewa ni nani hasa?

Kila baada ya miezi michache ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya ndugu zetu walioko ughaibuni, umebadilishwa jina la jimbo tu: Marekani wamefuta leseni za kazi, ukiwa na ujuzi wako unapiga kazi. Anatokea wa pili kurekebisha: hazijafutwa, ila leseni ya jimbo moja sasa inakubalika kote. Wa tatu, ambaye mara nyingi ana namba ya wakala mfukoni, anaongeza kuwa nesi na daktari waliosomea Nairobi au Dar es Salaam siku hizi wanaingia wodini moja kwa moja.

Yote matatu yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yanaaminika. Zipo kazi ambazo leseni imeondolewa kweli. Zipo leseni zinazovuka mpaka wa jimbo. Yapo majimbo yaliyowafungulia njia madaktari waliosomea nje. Shida inaanza pale habari ya msusi wa Kentucky inapovalishwa nesi wa Minnesota, mtu akaacha kazi aliyonayo au akauza kiwanja Kibaha kufuata sheria isiyomhusu.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Leseni ni ruhusa ya serikali ya kufanya kazi fulani. Ukiifanya bila hiyo umevunja sheria, hata kama kazi unaijua kuliko mwenye leseni. Cheti ni uthibitisho kwamba umesoma au umefaulu mtihani. Kinaweza kutolewa na chuo au chama cha wataalamu, na aghalabu asiye nacho hazuiwi kufanya kazi, anazuiwa tu kujiita jina fulani. Usajili ni jina lako kuwemo kwenye orodha rasmi.

CNA, ile kazi ya kuhudumia wagonjwa na wazee ambayo wengi wetu huanzia, iko kwenye kundi la mwisho. Unapata mafunzo, unafanya mtihani, jina linaingizwa kwenye daftari la jimbo. Sheria ya shirikisho inataka mafunzo yasipungue saa 75. Ohio wameishia hapohapo kwenye 75, Texas wanataka 100, California 160, Maine 180. Kazi yenyewe haibadiliki: kumgeuza mgonjwa kitandani, kumwogesha, kumlisha, kuandika alichokula na alichokojoa. Tofauti hiyo ya saa ndiyo picha ya mfumo mzima, na aliyehama Columbus, Ohio, kwenda Portland, Maine, ameshakutana nayo kabla ya kumaliza kufungua mabegi.

Kwa nini jimbo na si Washington

Kwa nyumbani tumezoea baraza moja la taifa. Nesi wa Tanzania akishasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, leseni yake ni ileile Mtwara na Bukoba. Kenya nayo ina baraza moja la wauguzi; kaunti inaweza kumwajiri nesi lakini haimpi leseni yake yenyewe. Marekani mamlaka haya yako mikononi mwa majimbo, na imekuwa hivyo kwa muda mrefu.

Kesi inayotajwa mpaka leo ni ya Frank Dent wa West Virginia. Alikuwa akitibu watu tangu 1876. Jimbo likatunga sheria kwamba daktari lazima awe na shahada ya chuo kinachotambulika, au awe ametibu ndani ya jimbo kwa miaka kumi, au apite kwenye mtihani wa bodi. Dent alikuwa na shahada, ila bodi ya afya ikakikataa chuo chake. Akapigwa faini, akakata rufaa hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1889 mahakama hiyo ikasema jimbo lina haki ya kuweka masharti ya namna hiyo kulinda watu wake. Tangu hapo mlango ukawa wazi. Miaka ya 1950 wafanyakazi waliohitaji leseni ya jimbo walikuwa chini ya asilimia 5. Ripoti ya Ikulu ya Marekani ya Julai 2015 inasema kufikia 2008 walikuwa wamefika karibu robo ya wafanyakazi wote. Kutoka kwa daktari na wakili tukafika kwa mtengeneza mashada ya maua, ambaye Louisiana kwa miaka mingi ilimdai leseni.

Hata ndani ya jimbo moja mambo hayafanani. Fundi umeme wa Texas hupewa leseni na idara ya jimbo, na ili atambulike kama fundi kamili na si mwanafunzi lazima awe amefanya kazi saa 8,000 chini ya fundi mkuu, kisha afaulu mtihani. Saa 8,000 ni kama miaka minne ya kazi ya kila siku. Pennsylvania jimbo halina leseni ya fundi umeme kabisa. Unakutana nayo ukifika mjini, Philadelphia kwa mfano, na inatolewa na jiji. Anayekuambia kuwa Pennsylvania hawadai leseni ya umeme hajasema uongo. Ukimfuata bila kuuliza zaidi, faini ni yako.

Anayeandika kanuni ni nani

Bunge la jimbo hutunga sheria. Bodi ya kazi husika, yaani bodi ya wauguzi, bodi ya urembo, bodi ya mafundi bomba, hutunga kanuni chini ya sheria hiyo. Sheria inaweza kusema kwamba nesi atahuisha leseni yake kila baada ya muda fulani na kwamba ataendelea kujisomea. Kanuni ndiyo itakayosema masomo gani yanahesabiwa, fomu ipi inajazwa, ada ni kiasi gani, na nini kitatokea ukichelewa. Kwa mtu wa kawaida kanuni ina uzito kuliko sheria, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye fomu anayoijaza.

Kanuni haibadilishwi kwa siku moja. Bodi hutoa rasimu, huitangaza, wananchi hupewa muda wa kutoa maoni, kikao kinafanyika, rasimu inapitishwa au inarudishwa, kisha inapangiwa tarehe ya kuanza. Ujumbe unaosema "imepita" unaweza kuwa unazungumzia hatua yoyote kati ya hizo, au hata muswada ambao haujatoka kwenye kamati ya bunge. Nimeona watu wakisherehekea muswada uliokufa mwezi huohuo.

Kuna na jambo jingine linalozaa taharuki bure. Kuanzia Colorado mwaka 1976 na Texas mwaka uliofuata, majimbo kadhaa yameweka utaratibu wa kuipa bodi au idara tarehe ya kufa. Tarehe ikikaribia, bunge hulazimika kuamua: tuiongezee umri, tuibadilishe, au tuiache ife? Nyingi huongezewa umri. Lakini kila mzunguko ukifika, vichwa vya habari husema bodi fulani iko hatarini kufutwa, na huku kwetu inafika ikiwa imeshafutwa, na leseni zake nazo zimeshafutwa.

Sasa, bodi hizi zinakaliwa na nani? Kwa sehemu kubwa na watu wa kazi hiyohiyo. Kuna mantiki: nani atajua kosa la daktari wa meno kama si daktari wa meno mwenzake? Lakini ndipo linapokuja suala la fisi kulinda bucha. Huko North Carolina, watu wasio madaktari walianza kutoa huduma ya kung'arisha meno kwenye saluni na vibanda vya madukani, kwa bei ya chini. Madaktari wa meno wakalalamika kwa bodi. Bodi hiyo ilikuwa na wajumbe wanane, sita kati yao madaktari wa meno waliokuwa kazini. Ikatuma barua zisizopungua 47 kuwaamuru washindani hao waache mara moja, na barua zikafanya kazi: wakaacha. Wakala wa shirikisho unaosimamia ushindani wa biashara ukaingilia, na Februari 2015 Mahakama ya Juu ikaamua, kura 6 kwa 3, kwamba bodi inayotawaliwa na washindani wa sokoni haiwezi kujificha nyuma ya jina la jimbo bila jimbo lenyewe kuisimamia kwa dhati.

Hukumu hiyo pamoja na ripoti ya Ikulu ya mwaka huohuo ndizo zilizoyapa nguvu marekebisho mengi tunayoyasikia leo. Ajabu ni kwamba ni moja ya mambo machache ambayo Warepublican na Wademocrat wanakubaliana, kila mmoja kwa sababu zake. Wa kwanza wanasema serikali imezidi kuingilia riziki ya watu, wa pili wanasema maskini na mgeni wanafungiwa nje.

Wasusi walivyoshinda

Hapa ndipo neno "kufutwa" linaposimama kwa miguu yake, na kwa kuwa dada zetu wengi wanaishi kwa kazi hii, tukae kidogo.

Jestina Clayton alikimbia vita Sierra Leone, akaishia Utah. Kusuka alijifunza utotoni, kama wasichana wengi wa Afrika, na akawa anasuka nyumbani ili kusaidia familia. Akaambiwa anavunja sheria: anahitaji leseni kamili ya urembo, ambayo Utah ilidai saa 2,000 za shule. Ndani ya saa hizo kuna kemikali, kucha, ngozi, kukata nywele, kupaka rangi. Kusuka hakukuwa na nafasi ya maana. Kwa maneno mengine, jimbo lilitaka alipe maelfu ya dola ajifunze kazi asizozifanya ili aruhusiwe kufanya kazi ambayo shule haimfundishi. Mwaka 2012 mahakama ya shirikisho ikakubaliana naye.

Texas ilikuwa na kioja chake. Isis Brantley, msusi wa Dallas aliyewahi kukamatwa mwaka 1997 kwa kusuka bila leseni, baadaye alitaka kufundisha wengine. Jimbo likamwambia chuo chake lazima kitimize masharti ya chuo cha vinyozi: eneo la futi za mraba 2,000, viti kumi vya kuegemea, na masinki ya kuoshea nywele. Mtu anayesuka twende kilioni anahitaji kichana, stuli na mikono yake. Sinki la nini? Januari 2015 jaji akasema masharti hayo hayana mantiki, na katikati ya mwaka Bunge la Texas likaondoa leseni ya kusuka moja kwa moja. Kentucky na Iowa zikafuata 2016, Minnesota 2019. Louisville na Des Moines, ambako Waswahili kutoka Kongo wamejaa, wasusi waliokuwa wakifanya kazi kwa kujificha chumbani wakaweza kuweka bango barabarani. Louisiana kwa miaka mingi iliendelea kudai saa 500 za mafunzo ili mtu asuke.

Lakini soma msamaha wenyewe kwa makini, kwa sababu una ukuta. Unahusu kusuka nywele za asili: kusokota, kubana, kushona, na kwa kawaida kuongeza rasta. Ukichukua dawa ya kulainisha nywele ukaipaka, ukichanganya rangi, umetoka nje ya msamaha na kurudi kwenye kazi inayohitaji leseni ya urembo, hata kama mteja ni yuleyule na kiti ni kilekile. Msusi anayesema "huku hawadai leseni" huku kopo la dawa liko mezani anajichimbia shimo. Na msamaha wa leseni ya kazi haugusi kibali cha biashara cha jiji, kodi ya mapato, wala mkataba wa pango.

Kuondoa leseni, kupunguza masharti na kubadilisha mtihani ni mambo matatu tofauti. California haikuondoa leseni ya urembo. Kuanzia Januari 2022 ilipunguza saa za shule kutoka 1,600 hadi 1,000 na kuacha mtihani wa vitendo, ukabaki wa maandishi. Aliyesikia "California wamelegeza" akaacha shule nusu njia alikuwa amesikia vizuri na kuelewa vibaya.

Mimi sioni sababu ya msusi kuhitaji leseni. Nesi ni kitu kingine. Anayekuchoma sindano ya insulini akikosea kipimo unaweza usiamke, na wewe mgonjwa huna namna ya kumkagua kabla. Kipimo changu ni hicho: madhara yakoje mtu akikosea, na mteja anaweza kuona kosa kwa macho yake? Mstari uliopinda kichwani unaonekana kwenye kioo.

Leseni inayovuka mpaka

Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku.

La kwanza ni mkataba kati ya majimbo. Majimbo yanayotaka hukubaliana kuhusu kazi moja, kila bunge linapitisha maandishi yaleyale, na leseni ya jimbo moja inatumika kwenye majimbo yote ya mkataba. Wa wauguzi ndio mkubwa, una zaidi ya majimbo 40. Ulivyo ni kama leseni ya udereva ya Marekani: unaipata jimbo unaloishi, unaendesha nayo popote, lakini ukihama kabisa unatakiwa kuchukua ya jimbo jipya. Kwa wauguzi, tangu Januari 2024 muda wa kuomba leseni ya makazi mapya ni siku 60 baada ya kuhama.

Sasa angalia nani hayumo. California hayumo. New York hayumo. Minnesota, ambako Wakenya wengi wamejenga maisha kwenye nyumba za wazee na hospitali, hayumo. Nesi wa Minnesota anayetaka mkataba wa kazi wa wiki 13 Texas ataomba leseni ya Texas kama mtu mwingine yeyote, na nesi wa Texas mwenye leseni ya majimbo mengi hawezi kuamkia zamu Minneapolis. Tena kinachohesabiwa ni alipo mgonjwa. Ukiwa sebuleni kwako Dallas unamhudumia kwa simu mgonjwa aliyeko Los Angeles, kisheria umefanya kazi California.

La pili ni kutambua leseni za majimbo mengine kwa upande mmoja. Arizona ilianza mwaka 2019, chini ya Gavana Doug Ducey: ukihamia huko na leseni ya jimbo jingine uliyokaa nayo angalau mwaka mmoja, usiwe na kesi ya nidhamu, ulipe ada, unapewa leseni ya Arizona ya ngazi ileile bila kurudia shule. Kwa baadhi ya kazi unaweza kuambiwa ufanye mtihani wa sheria za Arizona. Majimbo mengine mengi yamefuata kwa namna zao.

Tafadhali rudia kusoma maneno haya: leseni ya jimbo jingine. Sheria ya Arizona iliandikwa kwa ajili ya fundi bomba wa Ohio anayefuata jua. Leseni ya Nairobi au Kampala haimo kwenye sentensi hiyo. Huu ndio upotoshaji unaouzwa ghali kuliko wote, kwa sababu sheria hizi huitwa za kutambua leseni za "wote", na neno hilo likitafsiriwa kwa haraka kwenye sauti ya dakika mbili linageuka kuwa dunia nzima.

Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki inalifahamu fumbo hili. Wahandisi, wahasibu na wasanifu majengo wana makubaliano ya kutambuana kati ya nchi wanachama, na bado mhandisi wa Kenya akipata kazi Tanzania lazima apite kwenye bodi ya Tanzania na alipe ada yake. Kutambua maana yake ni kwamba safari imefupishwa. Forodha ipo palepale.

Waliosomea nje

Kwa daktari njia ya kawaida ni hii. Shahada yako inathibitishwa, unafaulu mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari ya Marekani, unapata cheti cha ECFMG, chombo kinachohakiki madaktari waliosomea nje, kisha unarudi kwenye mafunzo ya hospitali kwa miaka mitatu au zaidi pamoja na vijana waliomaliza chuo jana. Hata kama ulikuwa bingwa wa upasuaji kwa miaka kumi na tano. Nafasi hizo zinagombaniwa, na wengi hukwama hapo. Ndiyo maana unakuta daktari mzima anabeba maboksi ghalani.

Tennessee ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kumwezesha daktari wa namna hii kupata leseni ya muda bila kurudia mafunzo hayo, na baada ya miaka miwili ya kazi nzuri aweze kupata leseni kamili. Habari ilisambaa kama moto. Mambo mawili hayakusambaa nayo. Moja, tarehe ya kuanza iliyoandikwa ndani ya sheria ilikuwa 1 Julai 2024, zaidi ya mwaka mmoja mbele. Mbili, cheti cha ECFMG bado kinahitajika, kwa hiyo USMLE iko palepale, na lazima hospitali inayostahili iwe imekuahidi kazi. Florida na Virginia zilipitisha sheria zao 2024, Texas 2025, kila moja na masharti yake. Ni mabadiliko makubwa kweli, na kwa daktari mwenye mitihani mkononi yanaweza kumwokolea miaka. Aliyeko nyumbani ambaye hajagusa USMLE hayajamfikia bado.

Kwa nesi mambo yana sura nyingine, kwa sababu hakuna mafunzo ya kurudia. Kuna ukaguzi wa masomo yako, ambapo chuo na baraza lako la nyumbani hutuma rekodi moja kwa moja kwa wakaguzi. Hapo ndipo subira inapokwisha: faili la mtu linaweza kulala kwenye meza ya msajili wa chuo miezi kadhaa kwa sababu hakuna aliyebandika stempu. Kisha bodi nyingi hudai mtihani wa Kiingereza, halafu NCLEX, yaani mtihani wa leseni ya uuguzi. Mtihani ni mmoja nchi nzima lakini unaufanya kwa kuombea jimbo fulani, na bodi nyingine hushikilia leseni mpaka uwe na namba ya hifadhi ya jamii, ambayo ukiwa bado Eldoret huna. Kwa hiyo uchaguzi wa jimbo la kuombea ni uamuzi mzito kuliko inavyosemwa kwenye sauti zile.

Na hata leseni ikitoka, si viza. Leseni ni ya jimbo, viza ni ya shirikisho, ofisi hizo mbili hazipokezani mafaili. Nesi anayehamia kikazi lazima pia apate hati inayotakiwa na shirikisho ya kuthibitisha elimu na lugha, kutokana na sheria ya uhamiaji ya 1996.

Njia ya mkato ipo, na imeshawafikisha watu mahakamani. Januari 2023 serikali ya shirikisho ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 waliohusika na uuzaji wa diploma za uuguzi kutoka shule tatu za Florida, zaidi ya diploma 7,600. Wanunuzi walilipa maelfu ya dola, wakaenda kufanya NCLEX majimbo mbalimbali, na karibu theluthi wakafaulu. Kufaulu hakukuwasaidia. Bodi za majimbo zilianza kuwaita mmoja mmoja, leseni zikabatilishwa, na baadhi yao walikuwa wameshafanya kazi wodini. Katika kundi hilo wapo waliojua walichokinunua. Wapo pia, nadhani, walioambiwa kuwa "sheria imebadilika, siku hizi ni haraka".

Karatasi na rekodi

Swali ambalo watu huuliza kwa kunong'ona: nisipokuwa na karatasi za uhamiaji, naweza kupewa leseni? Sheria nyingine ya shirikisho ya mwaka huohuo wa 1996 inasema hapana, isipokuwa jimbo litunge sheria yake ya kuruhusu. California ilitunga 2014, ikaziagiza bodi zake zikubali namba ya mlipakodi badala ya namba ya hifadhi ya jamii. Nevada ikafuata 2019, New Jersey 2020. Lakini leseni hiyo haikupi ruhusa ya kuajiriwa, kwani kibali cha kufanya kazi kinatoka Washington. Inakusaidia zaidi ukijiajiri.

Rekodi ya jinai nayo imelegezwa mahali pengi. Zamani bodi ilikuwa inaweza kukukataa kwa kuandika tu kwamba huna "tabia njema". Majimbo mengi sasa yanaitaka bodi ioneshe uhusiano kati ya kosa na kazi, na baadhi yanakuruhusu kuiuliza bodi kabla hujalipa ada ya shule. Barua moja na ada ndogo vinaweza kukuepusha na deni la chuo kwa kazi ambayo hutaruhusiwa kuifanya.

Ujumbe ukikufikia tena, tafuta mambo manne ndani yake: jina la jimbo, jina la kazi, namba ya sheria au kanuni, na tarehe ya kuanza. Ukikosa hata moja, fungua tovuti ya bodi husika. Mara nyingi kuna ukurasa wa kanuni zilizo kwenye rasimu na ukurasa wa zilizoanza kutumika. Na ukikutana na wakala anayejisifu kuwa amewapatia watu wengi leseni za uuguzi Ohio, muombe majina yao. Leseni ni taarifa ya umma. Ohio wana tovuti ya kutafuta leseni kwa jina, na Nursys inaonesha leseni za wauguzi za karibu nchi nzima, kama ziko hai, zimeisha muda, au zina adhabu. Kutafuta ni bure.